Pumu haikumnyang'anya tuba: Maisha ya Arnold Jacobs na funzo kwa wazazi wa Tarime na Serengeti

Tarime/Serengeti. Msimu wa harusi ukifika, mitaa ya Tarime mjini na Mugumu huamshwa na msafara wa magari unaotanguliwa na kundi la matarumbeta. Vijana wanapanda nyuma ya gari la wazi, ngoma zinadunda, watoto wanakimbia pembeni na akina mama wanapiga vigelegele.

Mara nyingi nyuma kabisa husimama kijana aliyebeba pembe kubwa kuliko zote, ile ambayo wengi wanaiita besi. Sauti yake husikika kifuani kabla ya masikioni. Ni nadra mtu kuuliza jina lake, lakini akinyamaza kidogo tu, wimbo wote unapwaya.

Si kila mtoto anaukimbilia msafara huo. Wapo wanaobaki barazani wakiangalia kwa mbali kwa sababu wana pumu. Wameambiwa wasikimbie, wasiimbe kwa nguvu na wasipulize kitu chochote, wasije "wakaamsha ugonjwa".

Mzazi anayesema hivyo hana nia mbaya. Aliyewahi kukesha usiku mzima akisikiliza kifua cha mwanawe kikipiga miluzi anajua hofu hiyo inatoka wapi. Lakini katazo lililowekwa usiku mmoja wa hofu linaweza kudumu miaka mingi, na mtoto akakua akiamini kwamba kifua chake hakifai kwa lolote.

Kwa mzazi wa aina hiyo, maisha ya Arnold Jacobs yana la kusema. Mmarekani huyo alipuliza tuba, yaani pembe hiyohiyo kubwa ya besi, katika Orkestra ya Simfoni ya Chicago kwa miaka 44. Alifundisha pia chuo kikuu, na wapigaji kutoka nchi nyingi walimfuata ili awafundishe jambo moja: kupumua.

Mtu huyo aliyefundisha wenzake kupumua mwenyewe hakuwa na mapafu mazima. Aliugua utotoni, kisha akapata pumu ukubwani.

Mtoto wa mpiga kinanda

Jacobs alizaliwa Juni 11, 1915 katika mji wa Philadelphia, lakini alikulia California. Mama yake alikuwa mpiga kinanda, na Jacobs alisema kwamba mama huyo ndiye aliyemwashia moto wa muziki.

Hakuanza na tuba. Alianza na lile tarumbeta dogo lisilo na vitufe linalotumiwa na wanajeshi na maskauti kupigia milio ya amri. Baadaye alihamia tarumbeta la kawaida, kisha trombone, na mwisho akatua kwenye tuba.

Akiwa na miaka 15 alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia, akaendelea na tuba hadi alipohitimu mwaka 1936. Hapo alifundishwa na Philip Donatelli, na ni kutoka kwa mwalimu huyo alipata tuba kubwa iliyotengenezwa na kampuni ya York, ambayo ilikuja kuwa rafiki yake wa maisha.

Baada ya chuo alipiga misimu miwili katika orkestra ya Indianapolis. Kati ya mwaka 1939 na 1944 alikuwa Pittsburgh chini ya kiongozi wa muziki Fritz Reiner, mtu aliyesifika kwa ukali na masikio yasiyosamehe kosa. Mwaka 1941 alizunguka Marekani na orkestra ya vijana iliyoongozwa na Leopold Stokowski.

Mwaka 1944 aliingia Chicago, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1988 akiwa na miaka 73.

Orkestra kubwa inaweza kuwa na wanamuziki zaidi ya 90. Wapiga fidla ni wengi, lakini mpiga tuba kwa kawaida ni mmoja. Akikosea hana wa kujificha nyuma yake, na akiumwa lazima atafutwe mtu wa kumshikia nafasi. Kudumu miaka 44 katika kiti cha namna hiyo si jambo dogo hata kwa mtu mwenye afya ya chuma.

Pembe inayokula pumzi

Tuba ni changa ikilinganishwa na ala nyingine za orkestra. Ilisajiliwa Berlin mwaka 1835 na Wilhelm Wieprecht, aliyekuwa kiongozi wa bendi za jeshi, pamoja na fundi Johann Gottfried Moritz. Bendi za jeshi zilihitaji besi nzito inayosikika uwanjani, na ala za besi zilizokuwapo wakati huo hazikutosheleza.

Bomba la tuba kubwa, lingenyooshwa, lingefika karibu mita tano. Ndiyo maana limekunjwakunjwa hadi likafanana na utumbo. Sauti inazaliwa mdomoni: mpigaji anabana midomo kidogo, anapuliza, midomo inatetemeka, na bomba linaikuza ile mitetemo.

Kwa wenyeji wa Mara, kazi ya sauti hiyo si ngeni. Anayelijua litungu la Wakurya, chombo chenye nyuzi nane na kasha kubwa la mbao, anajua jinsi nyuzi zake nene zinavyonguruma chini ya sauti ya mwimbaji. Masikio ya watu humfuata mwimbaji, lakini miguu yao huufuata ule mngurumo.

Tofauti ni kwamba litungu linataka vidole, tuba inataka hewa, na inaitaka kwa wingi. Tarumbeta dogo linahitaji hewa kidogo inayosukumwa kwa nguvu. Tuba inahitaji hewa nyingi inayotiririka bila kusukumwa sana. Katika noti za chini kabisa, zinazopigwa kwa sauti kubwa, mpigaji anaweza kumaliza pumzi yake yote kwa sekunde chache.

Kwa hesabu ya kawaida, mtu mwenye mapafu madogo angeshauriwa kutafuta ala nyingine. Jacobs aliifanya hesabu hiyo kwa namna yake.

Mwalimu aliyeusoma mwili

Jacobs hakuwa daktari, lakini alisoma kwa bidii jinsi mapafu, misuli ya mbavu na kiwambo cha chini ya mapafu vinavyofanya kazi. Alifundisha tuba katika Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago. Katika studio yake binafsi mjini humo alipokea wapigaji wa ala zote za kupuliza na hata waimbaji.

Aliyeingia studioni mwake aliweza kudhani amefika kliniki. Palikuwa na vipimo vya ujazo wa pumzi, mifuko ya kupuliziwa, mirija na vioo. Mwanafunzi alivuta na kutoa hewa akiangalia kipimo kikipanda na kushuka, ili jambo lisiloonekana lionekane.

Alitumia vifaa hivyo kwa sababu maalumu. Aliona kwamba mtu aliyezoea kujikaza akishika ala yake hurudia mazoea yaleyale, hata akifafanuliwa vipi. Akipewa mfuko au mrija, kitu kisicho na mazoea yoyote, anapumua kwa urahisi. Baada ya hapo anarudishiwa ala yake akiwa bado ameushika urahisi ule.

Kosa alilopambana nalo zaidi lilikuwa la kukaza tumbo. Wapigaji wengi walikuwa wamefundishwa kwamba nguvu hutoka kwenye tumbo gumu kama ubao. Jacobs aliwaonyesha kwamba mtu anaweza kukaza tumbo kama anayenyanyua gunia la mahindi, akaiva uso, na hewa isitoke hata kidogo. Mkazo ni jambo moja, hewa inayotembea ni jambo jingine, na kinachotoa sauti ni hewa inayotembea.

Pamoja na elimu yake yote ya mwili, hakutaka mwanafunzi afikirie misuli wakati wa kupiga. Mtu anayetembea kwenda kisimani hafikirii kila msuli wa goti. Anafikiria kisima, na miguu inajua la kufanya.

Vivyo hivyo alimtaka mpigaji ausikie wimbo kichwani kwanza, kwa uzuri wote anaoutaka, kisha aupe hewa ya kutosha kuubeba. Mafundisho yake yote yalifupishwa kwa maneno mawili: wimbo na upepo. Wimbo ulitangulia.

Kifua kilipopungua

Kwa Jacobs, maneno hayo mawili yalikuwa pia njia ya kuishi. Kila mtu hupoteza sehemu ya uwezo wa mapafu kadiri umri unavyosonga. Kwa Jacobs, aliyekuwa na historia ya ugonjwa utotoni na pumu ya ukubwani, akiba ilikuwa ndogo zaidi.

Tuba haikupunguza bomba lake kwa kumhurumia. Kwa mpigaji mwenye akiba ndogo, kilichobaki ni kuitumia vizuri ile pumzi aliyonayo: kuvuta hewa mara nyingi zaidi, kuchagua mahali ambapo kuvuta hewa hakuukati wimbo vibaya, na kutoipoteza hata kidogo kwenye mkazo usio na kazi.

Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa wapigaji wa orkestra za Chicago, Philadelphia na Cleveland waliokutana kurekodi muziki wa Mtaliano Gabrieli, santuri ambayo wapenzi wa ala za shaba wanaiheshimu hadi leo. Pia alirekodi na orkestra yake, chini ya Daniel Barenboim, konseto ya tuba iliyotungwa na Mwingereza Ralph Vaughan Williams. Kazi hiyo ya mwaka 1954 inamtoa mpiga tuba nyuma kabisa na kumweka mbele ya orkestra nzima kama mwimbaji mkuu.

Alipostaafu orkestra hakuacha kufundisha. Aliendelea kupokea wanafunzi akiwa mzee, hadi alipofariki dunia Oktoba 7, 1998 akiwa na miaka 83. Wanafunzi wake walitawanyika katika orkestra na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali. Tuba zake za York zilibaki mali ya orkestra ya Chicago, na watengenezaji wa ala wamezichunguza na kutengeneza nyingine kwa mfano wake.

Mzazi achukue nini?

Jacobs si ushahidi kwamba pumu ni ugonjwa wa kuchezea. Pumu inaua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na vifo 455,000 vilitokana nayo. Vingi ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema au dawa hazipatikani kwa urahisi.

Anachoonyesha Jacobs ni kwamba swali la "mtoto ana pumu au hana" halitoshi. Swali la pili ni muhimu zaidi: je, pumu yake imedhibitiwa?

Katika pumu, njia za hewa huvimba kwa ndani na kuwa nyepesi kushtuka. Zikikutana na kichochezi, misuli inayozizunguka inabana, ute unaongezeka, na hewa inapita kwa shida. Hapo ndipo huja kikohozi cha usiku, kifua kubana na ile miluzi inayowanyima wazazi usingizi.

Vichochezi ni vya kawaida katika maisha ya Tarime na Serengeti: moshi wa kuni na mkaa, vumbi la kiangazi, baridi ya asubuhi kwenye vilima vya Tarime, mafua, chavua za mimea, manyoya ya wanyama na moshi wa sigara. Mtoto mmoja anaweza kusumbuliwa na moshi tu, mwingine na mafua tu. Mzazi anayeandika kwenye daftari siku ambazo kifua kilibana, na kilichotangulia, humsaidia daktari kuliko anayesema "huwa kinambana tu".

Pumu ikidhibitiwa vizuri, mtoto anaweza kukimbia, kucheza mpira, kuimba kwaya na kupuliza tarumbeta. Kumzuia kila kitu hakumponyi. Mtoto asiyetumia mwili wake hupoteza stamina, akipanda kilima kidogo anahema, na mzazi anachukulia kuhema huko kuwa ni pumu tena. Anamzuia zaidi.

Pampu si ya kufa

Katika familia nyingi dawa ya kuvuta, ambayo watu huiita pampu au inhela, inaogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Wapo wanaoamini kwamba ukiianza huwezi kuiacha, au kwamba hupewa mtu aliyefika mwisho. Matokeo yake mtoto hupewa vidonge au sindano kila anapozidiwa, kisha anasahauliwa hadi shambulio linalofuata.

Ukweli ni kwamba dawa ya kuvuta inakwenda moja kwa moja kwenye njia za hewa kwa kiasi kidogo, hivyo madhara yake kwingine mwilini ni machache kuliko ya kidonge. Haileweshi wala haimfanyi mtu mtumwa wake.

Zipo za aina mbili, na kuzichanganya ni hatari. Ya kwanza ni ya kufungua kifua haraka, kama salbutamol. Ya pili ni ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, kama beclometasone au budesonide. Hii ya pili inatumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata siku ambazo mtoto anajisikia mzima.

Anayetegemea ya kufungua kifua peke yake anafanana na mtu anayefuta maji sakafuni kila siku bila kuziba paa linalovuja. Kama mtoto anaihitaji mara kwa mara katika wiki, hiyo ni dalili kwamba ugonjwa haujadhibitiwa na anapaswa kurudi hospitali.

Watoto wengi hushindwa kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa ikaishia mdomoni. Kwa hao hutumika chombo cha kuunganisha pampu na mdomo, kinachoitunza dawa hadi mtoto aivute. Chombo cha dukani kina gharama, lakini upo mbadala.

Utafiti uliofanyika Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la kitabibu la Lancet ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri pale pampu inapoingia ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua. Chupa iwe safi na kavu, na mara ya kwanza mhudumu wa afya amwonyeshe mzazi jinsi ya kuitengeneza na kuitumia.

Jacobs aliwaonyesha wanafunzi pumzi yao kwa kipimo. Kipo kifaa kidogo cha kupuliza kinachompa mwenye pumu nafasi hiyohiyo, kwa kupima kasi ya hewa inayotoka. Pale kinapopatikana, mtoto wa umri wa shule anaweza kufundishwa kukitumia. Akijua namba yake ya siku njema, ataijua na ya siku mbaya kabla kifua hakijambana sana.

Moshi wa jikoni

Hakuna dawa itakayoshinda jiko linalofuka moshi ndani ya chumba anacholala mtoto. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034.

Familia ambayo haijafikia uwezo wa kununua gesi bado ina la kufanya leo. Jiko litoke nje au lihamie kwenye banda lenye upenyo wa hewa, kuni zikaushwe kabla ya kutumika, na mtoto mwenye pumu asiwe ndiye anayetumwa kuwasha moto. Vumbi la ndani lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa likatimka.

Kabla mtoto hajashika tarumbeta

Mtoto mwenye pumu anayetaka kujiunga na bendi ya shule au ya kanisa apimwe kwanza, na mwalimu wake ajulishwe. Pampu ya kufungua kifua iwe begani mwake, isiwe imefungiwa kabatini nyumbani. Aanze kwa dakika chache na aongeze taratibu. Siku ambayo kifua kimebana hapulizi.

Kupuliza ala si tiba ya pumu, na hakuna mwalimu wa muziki anayepaswa kumwambia mzazi aache dawa kwa sababu mtoto "anafanya mazoezi ya mapafu". Mambo hayo mawili yatenganishwe: mwalimu anafundisha matumizi ya pumzi, ugonjwa una daktari wake.

Usafi nao una uzito wake. Mwaka 2010 madaktari nchini Marekani waliripoti kisa cha mpiga trombone wa miaka 35 aliyekohoa kwa miaka 15. Ndani ya ala yake walikuta vimelea vya bakteria na kuvu vilivyokuwa vikiyashtua mapafu yake kila alipopuliza. Alipoanza kuisafisha mara kwa mara, kikohozi kiliisha.

Kwa hiyo maji yanayokusanyika ndani ya ala yamwagwe kila baada ya kupiga, na ala ioshwe na kukaushwa mara kwa mara. Kila mpigaji awe na kipande chake cha mdomoni. Bendi isiyo na uwezo huo ikioshe kwa sabuni na maji safi kabla mwingine hajakitumia.

Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asipulize, aende akapime kifua kikuu. Si kila kikohozi ni pumu, na matibabu ya kifua kikuu nchini hutolewa bila malipo.

Zipo dalili ambazo mzazi hapaswi kuzisubirisha hadi asubuhi: mtoto anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani anapovuta hewa, midomo inabadilika rangi, anasinzia isivyo kawaida, au amepewa dawa ya kufungua kifua na hajapata nafuu. Huyo apelekwe hospitali usiku huohuo, kwa usafiri wowote uliopo.

Ajira iliyo nyuma ya besi

Wazazi wengi wakisikia mtoto anataka muziki huuliza atakula nini. Jacobs aliishi kwa kazi mbili zilizobebana: alipiga na alifundisha. Alichojifunza jukwaani alikipeleka darasani, na mwanafunzi aliyemletea tatizo jipya alimfanya aelewe zaidi upigaji wake mwenyewe.

Tanzania haina orkestra ya ukubwa wa ile ya Chicago, lakini njia zipo. Polisi, Magereza na Jeshi la Wananchi wana bendi zinazotumia ala za shaba, besi ikiwamo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, mkoani Arusha, vinafundisha muziki hadi ngazi ya shahada, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo imewatoa wasanii wengi. Hata vijana wa matarumbeta ya harusi wanalipwa kwa kazi yao.

Si kila mtoto mwenye pumu atapenda kupuliza, na si lazima. Mwingine atataka mpira, mwingine kwaya, mwingine kulima na baba yake bila kuambiwa akae kivulini. Mzazi anapofuatilia matibabu, anaipatia familia nafasi ya kuamua kwa kuangalia hali ya mtoto ilivyo leo, badala ya kuangalia ule usiku mbaya wa miaka mitatu iliyopita.

Msafara mwingine wa harusi ukipita, mtoto aliyebaki barazani atauliza kama anaweza kwenda kuiona ile pembe kubwa kwa karibu. Kama amemeza mchana wake bila kukohoa, usiku alilala vizuri, dawa ametumia na pampu iko mfukoni, jibu linaweza kuwa: nenda, ukichoka pumzika, halafu urudi.